Sindano na pini za mkono: namba ipi kwa uzi upi, kitambaa kipi

#1 Darizi_Kibokoni

Assalaam aleikum wanajamvi. Maswali ya sindano yanarudi kila mara kwenye mijadala ya kanzu, kofia na vitambaa vya makochi, na majibu yametawanyika huku na huku. Nayakusanya hapa. Mafundi wengine, panapopungua ongezeni.

Jambo la kwanza: sindano huchaguliwa kwa uzi kabla ya kitambaa. Kazi yake ni kufungua njia, na pale penye tundu uzi unapita ukiwa umekunjwa mara mbili. Sindano ikiwa ndogo kuliko uzi, uzi unasuguliwa kotekote: tunduni, kisha kwenye kitambaa ambacho hakikufunguliwa vya kutosha. Ndiyo maana unatoa manyoya na kukatika karibu na tundu hata kama ni uzi wa bei. Sindano ikiwa nene kupita uzi, tobo linabaki wazi kando ya mshono. Kwenye kitambaa cha jinzi halionekani. Kwenye bafta, atlasi na hariri litaonekana mpaka nguo iishe.

Kipimo ni hiki. Tunga uzi, uvute mbele na nyuma mara mbili tatu: uteleze bila kukwama. Kisha piga mishono minne kwenye kipande cha kitambaa hicho hicho na ukikune kwa ukucha. Tobo likijifunga na uzi ukajaa ndani yake, hiyo ndiyo sindano yako. Likibaki wazi, panda namba.

Nasema panda kwa sababu kwenye sindano za mkono namba inavyokuwa kubwa sindano inakuwa nyembamba. Za cherehani ni kinyume: 70 ni nyembamba, 110 ni nene. Na namba za aina moja hazilingani na za aina nyingine. Tapestry namba 24 ni nene kuliko Sharps namba 10. Kwa hivyo ukienda dukani taja aina na namba pamoja. Ukisema "nipe namba 9" tu, utapewa yoyote iliyo karibu.

Majina yaliyo kwenye pakiti ndiyo haya:

Sharps ndiyo sindano ya kawaida ya kushonea. Ni ya urefu wa wastani, ncha kali, tundu dogo la mviringo. Namba 7 hadi 9 zinatosha kwa pindo, vifungo na bandi (mishono ya kushikiza) kwenye pamba na poliesta. Namba 10 hadi 12 ni za vitambaa laini sana.

Embroidery, ambayo pakiti nyingine huiita Crewel, ina mwili wa Sharps lakini tundu refu, ili nyuzi kadhaa za kudarizi ziingie zikiwa zimelala sambamba. Hii ndiyo ya kudarizia kitambaa cha kawaida.

Tapestry ina ncha butu na tundu kubwa. Ni ya kitambaa chenye vijitundu vinavyohesabika, yaani kazi ya msalaba.

Chenille ina tundu kubwa kama la Tapestry lakini ncha ni kali. Ni ya uzi mnene, sufu ya kufumia na utepe.

Betweens ni fupi, ncha kali, tundu dogo. Ni za mishono midogo iliyobanana kwenye tabaka mbili tatu za kitambaa.

Milliners, au Straw, ni ndefu na nyembamba, na tundu lake halijatuna: mwili una unene mmoja tangu juu mpaka karibu na ncha. Ukizungusha uzi kwenye sindano ili ufanye fundo refu la kudarizi, sindano inapita katikati ya mizunguko bila kukwama. Wanaolalamika kwamba mafundo yao ya maua yanakaza na kukataa kuteleza, mara nyingi wanatumia Embroidery, na tundu lake lililotuna ndilo linalokwama.

Kwa uzi wa kudarizi wa nyuzi 6, kama DMC au Anchor (kishada cha DMC kina mita 8), panga hivi kwenye Embroidery: uzi 1, namba 10. Nyuzi 2, namba 8 au 9. Nyuzi 3, namba 7. Nyuzi 4, namba 5 au 6. Zote 6, namba 3 au 4, au hamia Chenille namba 22. Uzi wa perle (uzi wa kudarizi uliosokotwa, usiotenganishwa) namba 8 unapita vizuri kwenye Embroidery namba 5. Perle namba 5 ni mnene zaidi, upe Chenille namba 22.

#2 Fundi_wa_Majengo

Wa aleikum salaam. Kazi nzuri dada. Ila kwa fundi wa kawaida mimi nashikilia kwamba pakiti moja iliyoandikwa 3/9 inatosha. Ndani kuna Sharps za namba 3 hadi 9, zote. Kifungo cha koti namba 5, pindo la suruali namba 7, kanzu namba 9. Mtu akianza kununua aina sita, nusu yake zitaliwa na kutu kabla hajazitumia.

#3 Darizi_Kibokoni

Fundi, kwa kushona nakubaliana nawe. Kwa kudarizi hapana. Nyuzi 2 za kudarizi zitaingia kwenye Sharps namba 7 kwa taabu, zikiwa zimesongana kwenye tundu la mviringo, na zikitoka zimeshajisokota. Mshono wa kujaza unataka nyuzi zilale bapa bega kwa bega ili petali ing'ae. Zikijisokota, petali inatoka na mistari. Anayedarizi aongeze pakiti ya pili: Embroidery iliyochanganywa ya namba 5 hadi 10. Hizo mbili zitamfikisha mbali.

#4 Vitambaa_Likoni

Dada Darizi, nina swali. Nashona vitambaa vya makochi kwa mshono wa msalaba, kitambaa ni Aida ya 11. Natumia nyuzi zote 6 na sindano ya kawaida yenye ncha. Uzi unatoa manyoya, na misalaba mingine imelala upande, mingine imejaa mpaka inafunika ya jirani. Tatizo ni uzi au mkono?

#5 Darizi_Kibokoni

Mkono wako hauna tatizo, mama. Hapo kuna mambo mawili.

La kwanza ni ncha. Aida imefumwa iwe na vijitundu tayari. 11 maana yake ni visanduku 11 kwa kila inchi moja, yaani sentimita 2.54. Sindano haihitaji kutoboa, inahitaji kutafuta tundu. Ncha kali haitafuti. Inaingia popote inapogusa, inapasua nyuzi za kitambaa kando ya tundu, na ikirudi kwenye tundu lenye mshono wa jana inapasua uzi wa mshono huo pia. Msalaba ukianzia nusu milimita pembeni, lazima ulale. Tapestry yenye ncha butu inateleza mpaka iangukie tunduni yenyewe.

La pili ni wingi wa uzi. Kwa Aida 11 tumia nyuzi 3 na Tapestry namba 22 au 24. Aida 14, nyuzi 2 na namba 24. Aida 16 au 18, uzi 1 au 2 na namba 26. Nyuzi 6 kwenye Aida 11 zinajaza tundu mpaka mshono wa pili hauna pa kupita.

Na usizivute nyuzi 3 kwa pamoja kutoka kwenye kishada. Kata kipande cha sentimita 45 hadi 50. Shika ncha, chomoa uzi mmoja ukienda juu moja kwa moja, uweke kando. Chomoa wa pili, kisha wa tatu. Halafu zikusanye tena. Zikitenganishwa kwanza zinalegea msokoto na kufunika kitambaa vizuri zaidi. Uzi mrefu kupita hapo unapita tunduni mara nyingi mno kabla haujaisha, na ule mwisho wake utakuwa umechakaa ungali mpya.

Kila baada ya misalaba kumi hivi, geuza kazi juu chini na uiachie sindano ining'inie. Itazunguka yenyewe na kuondoa msokoto.

#6 Kofia_za_Mkono

Naingilia upande wa kofia za viua, yaani vijitobo vilivyozungushiwa uzi, maana sindano yake ina mambo yake.

Kofia ni tabaka mbili za kitambaa, na kazi ni ndogo na imebanana. Sindano ndefu inakuwa mzigo: inapinda ukiisukuma na mshono unatoka mrefu kuliko ulivyokusudia. Kwa kushikiza tabaka na kupiga mistari, Betweens namba 9 au 10. Kwa kuzungushia kiua, Embroidery namba 9 na nyuzi 2, au namba 10 na uzi mmoja ukitaka kazi laini.

Kiua chenyewe hakitobolewi kwa sindano wala hakikatwi kwa mkasi. Hatua ni hizi. Chora duara kwa penseli, kipenyo cha milimita 2 au 3. Piga bandi ndogondogo kuzunguka mstari, na uzi ule ule uuache hapo. Hiyo bandi ndiyo inayoshika tabaka mbili zisiachane na kuzuia tobo lisipanuke siku zijazo. Kisha chukua msharasi (chuma cha kutobolea) mwembamba wenye ncha ya mviringo, sukuma katikati ya duara huku ukizungusha, mpaka nyuzi za kitambaa zisogee pembeni. Zimesogea, hazijakatika, hapo ndipo nguvu ya kiua ilipo. Ukikata, kingo zitafumka baada ya kufuliwa mara chache hata kama umeshona vizuri.

Baada ya hapo shona kuzunguka, sindano ishuke katikati ya tobo na itokee nje kidogo ya bandi, mshono ukigusana na mwenzake. Vuta kila mshono kuelekea nje kwa nguvu ileile. Ukimaliza duara, rudisha msharasi kutoka upande wa ndani, zungusha mara moja, na kiua kitakaa duara. Kiua kikitoka cha pembe pembe, mishono imevutwa kwa nguvu tofauti. Kikizibika, uzi ni mnene kwa ukubwa wa tobo: punguza uzi mmoja badala ya kulazimisha tobo.

Acha angalau milimita 3 kati ya kiua na kiua. Ukivibananisha zaidi, ule ukuta mwembamba unabaki na nyuzi chache za kitambaa na utachanika kofia ikitiwa dondo (wanga wa kukazia) na kunyooshwa kwenye umbo lake.

#7 Tudor_Abaya

Shukran sana Kofia. Hilo la msharasi kuzungushwa badala ya kusukumwa tu lina maana kubwa.

Mimi nataka kusemea pini, kwa sababu watu wanatumia pini za mtandio kushikizia vitambaa vya abaya halafu wanashangaa matobo na nyuzi zilizovutika. Pini ya mtandio imetengenezwa ishike, na nyingi ni nene au zina ncha isiyosuguliwa vizuri. Pini ya kushonea imetengenezwa iingie na kutoka bila kuacha alama.

Angalieni unene, maana ndio unaoamua. Pini ya kawaida ya fundi ina unene wa takriban milimita 0.6 hadi 0.65, urefu sentimita 2.5 hadi 3.5. Hiyo ni ya pamba, poliesta, kitani, leso. Kwa shifoni, hariri na krepu nyepesi ya abaya, tafuta ya milimita 0.5. Tofauti inaonekana ndogo kwenye maandishi, lakini kwenye shifoni ndiyo tofauti kati ya alama inayofutika kwa pasi na tobo la kudumu. Kwa jezi na vitambaa vya kuvutika, pini yenye ncha ya mviringo. Ncha kali inakata kitanzi cha kitambaa, na kitanzi kimoja kikikatika mstari unapanda wote.

Kichwa nacho si pambo. Cha plastiki kinayeyuka chini ya pasi na kuacha rangi kwenye nguo. Cha kioo hakiyeyuki. Pini za chuma tupu zenye kichwa kidogo hazihofii pasi, lakini zikianguka kwenye zulia hutaziona. Pini ndefu zenye kichwa bapa ni nzuri kwa lesi na vitambaa vyenye nafasi, kwa sababu kichwa hakizami ndani ya ufumaji, na unaweza kuwekea rula juu yake.

Namna ya kuziweka: kwenye pindo pini ikae kukata mstari wa mshono, kichwa kikiwa nje kwenye ukingo. Ikilala sambamba na mstari, inakunja kitambaa na pindo linatoka na mawimbi. Chukua kitambaa kidogo tu kwenye ncha, milimita 2 au 3. Pini ikizamishwa sana tabaka la juu linasogea. Pamba iliyonyooka, pini moja kila sentimita 8 hadi 10. Shifoni, kila sentimita 3 au 4. Kwenye mviringo wa shingo na mkono, zikaribiane zaidi ya hapo.

Hariri, atlasi na mahameli: pini ziingie kwenye sehemu ya akiba ya mshono peke yake, ile itakayofichwa. Ngozi na ngozi bandia hazitaki pini kabisa, tobo lake halijifungi. Tumia vibanio.

#8 Bandi_Mwanzo

Fundi Tudor, hata kwa sentimita 3 shifoni yangu inateleza. Nikifika mwisho wa pindo, tabaka moja limezidi lingine kwa kidole kizima.

#9 Tudor_Abaya

Pini haitamaliza hilo peke yake. Piga bandi. Sharps namba 10 au 11, uzi mwembamba wa poliesta au hariri, mshono wa sentimita 1 hivi, usivutwe. Tandika karatasi nyembamba chini ya shifoni, kama ile inayofungiwa nguo mpya ndani ya boksi, na upitishe bandi kwenye kitambaa na karatasi kwa pamoja. Karatasi inashika kitambaa kisicheze. Ukimaliza pindo, chomoa bandi na uchane karatasi polepole kuelekea kwenye mshono.

Fanya kazi mezani, kitambaa chote kikiwa juu ya meza. Kikining'inia, uzito wake ndio unaokivuta.

#10 Shanga_na_Puleki

Kwa wanaotia shanga na puleki kwenye abaya na dira. Shanga ndogo za namba 11, zile za kipenyo cha takriban milimita 2, zinapita kwenye Sharps namba 10 mara nyingi, lakini si zote, maana tundu la shanga halilingani kutoka shanga moja hadi nyingine. Sindano ya shanga namba 10 au 12 ni salama zaidi. Shanga za namba 15 ni ndogo zaidi, zinataka sindano ya 12 au 13.

Sindano za shanga ziko ndefu na fupi. Ndefu inachota shanga nyingi kwa pamoja, ni ya kutunga mkufu. Kwenye nguo nunua fupi. Ndefu inapinda baada ya saa moja ya kushindana na kitambaa, na ikishapinda haiendi unakoielekeza.

Uzi wa pamba usiutumie kwenye shanga za kioo wala za chuma. Ukingo wa tundu la shanga ni mkali na unaukata taratibu. Tumia nailoni au poliesta, uupitishe kwenye nta ya nyuki kwanza. Kila shanga ipitishwe mara mbili, na kila baada ya shanga 4 au 5 piga fundo dogo upande wa ndani. Uzi ukikatika siku ya harusi, zitaanguka shanga chache badala ya mstari mzima kumwagika sakafuni.

Sindano isipokubali kupita kwenye shanga, usiisukume kwa nguvu. Shanga ya kioo itapasuka na kukata uzi. Itupe hiyo shanga, chukua nyingine.

#11 Fundi_wa_Majengo

Naomba turudi kwenye kutu, kwa sababu ndiyo adui mkubwa wetu hapa. Sindano inayokaa mwaka mzima Nairobi iking'aa, Mombasa inaweka madoa ya kahawia ikiachwa wazi karibu na dirisha. Wengi wanazitupa pakiti nzima. Mnazihifadhi vipi?

#12 Nyuzi_za_Pwani

Fundi, tuanze na chanzo. Sindano nyingi ni chuma kilichopakwa nikeli. Nikeli inalinda chuma mpaka ikwanguke, na inakwanguka kwanza kwenye ncha na ndani ya tundu, mahali panaposuguliwa. Hapo unyevu wa bahari na chumvi ya jasho la vidole vinaingia. Mkono unaotoka jasho jingi unaweza kuanza kuigeuza sindano rangi kwa siku chache, na hilo ni chumvi ya jasho, halina maana kwamba sindano ni bandia.

Kwa hiyo kwanza, kila unapomaliza kazi, futa sindano kwa kitambaa kikavu kabla ya kuihifadhi. Pili, usilaze sindano wala pini ndani ya kazi usiku kucha. Kwenye bafta nyeupe ya kofia au kwenye kaba ya kanzu, inaacha kijidoa cha kahawia pale pale ilipochomekwa.

Kitoleo, yaani kimto cha kuchomekea sindano, je? Sponji ni kibaya kuliko vyote, kinashika unyevu na kuukumbatia chuma. Mchele unavuta unyevu na kuleta wadudu. Wengine wanajaza pamba ya chuma ya kusugulia sufuria ili sindano zinoleke. Kwa hewa yetu hiyo pamba inaota kutu yenyewe ndani na kuipaka sindano. Sufi ya msufi ni nzuri sana na inapatikana: nyuzi zake zina nta ya asili, hazinywi maji kwa urahisi. Sufu ya kondoo pia ni nzuri kwa sababu ya mafuta yake. Shona mfuko mdogo wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, ujaze sufi mpaka uwe mgumu kama chungwa.

Lakini kitoleo ni cha kazi ya leo tu. Akiba iweke kwenye kopo la bati au chupa yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ziache sindano kwenye karatasi yake ya asili. Ukitaka kuziweka kwa miezi, kitambaa chenye tone moja la mafuta ya cherehani kizungushie. Siku ya kuzitumia, zifute na uzichomeke mara tano sita kwenye kitambaa cha taka kabla hujagusa nguo nyeupe.

Iliyoanza kuwa ya kijivu na inakwaruza, lakini haijashimbika, ipitishe kwenye msasa laini kabisa uliokunjwa, kutoka tunduni kwenda nchani, mara chache. Iliyoshimbika tupa. Vishimo haviondoki, na kila kimoja kitashika uzi wa kitambaa.

Kwa mikono ya jasho, ziko sindano zilizopakwa dhahabu mwili mzima. Zinastahimili zaidi, ingawa dhahabu nayo huchakaa. Angalia pakiti vizuri, maana nyingine zina dhahabu kwenye tundu tu. Pini za shaba hazioti kutu, ila hazishikwi na sumaku, na ni laini, zinapinda.

#13 Bandi_Mwanzo

Na ukiwa dukani utajuaje pakiti ni nzuri? Biashara Street hapa Mombasa nimeona pakiti za aina nyingi, nyingine hazina hata jina.

#14 Darizi_Kibokoni

Iangalie kwenye mwanga. Karatasi ya ndani iwe kavu, isiwe na vidoa vya kahawia pale sindano ilipochomekwa. Kidoa kimoja kinatosha kukuambia pakiti imekaa kwenye unyevu. Tazama tundu: liwe katikati ya mwili, ukingo wake usiwe na miba. Sindano za bei ya chini hukosea hapo hasa, tundu limepigwa lakini halikusuguliwa. Ukipata ruhusa ya muuzaji, tunga uzi mmoja wa kudarizi na uuvute mara kumi. Tundu zuri halitabadilisha uzi. Tundu baya litautoa manyoya hapo hapo mbele yako.

Ncha ipime kwenye kipande cha atlasi au soksi ya nailoni. Ipite bila kuvuta hata uzi mmoja. Kipimo hicho kitumie pia nyumbani kwa sindano za zamani.

Redditch kule Uingereza ndiko sindano zilikofanywa kazi ya mji mzima, na majina kama John James yanatoka huko. Lakini jina kwenye karatasi halitoshi, fanya vipimo vyote nilivyotaja.

Na anayeshindwa kutunga uzi, kabla ya kulaumu macho: kata ncha ya uzi kwa mshazari, kwa mkasi mkali. Lowesha tundu badala ya kulowesha uzi. Uzi ukiloweshwa unavimba. Tundu likiwa na unyevu linauvuta uzi uingie. Ukikataa bado, geuza sindano upande wa pili. Tundu hupigwa kwa chuma kutoka upande mmoja, na mara nyingi upande mmoja una mdomo laini kuliko mwingine. Kisha kausha sindano, kwa sababu alizosema Nyuzi_za_Pwani.

#15 Mke_wa_Baharia

Leso mpya ina dondo na sindano inagoma. Napinda kwa mkono, sitaki cherehani. Namba ngapi?

#16 Fundi_wa_Majengo

Bi, Sharps namba 7 ikiwa dondo lipo, namba 9 ikiwa imeshafuliwa. Na valia kastabani kwenye kidole cha kati. Ukisukuma sindano nyembamba kwa kidole kitupu kwenye kitambaa kigumu, upande wa tundu ndio utakaokuingia. Ikikwama katikati, ishike kwa kipande cha puto au glavu ya mpira, itatoka. Usiivute kwa meno, inapindisha sindano na kuharibu jino.

Shazia, ile sindano kubwa nene, iachie mikeka na magunia. Nimeona mtu akiitumia kwenye leso kwa sababu "haikwami".

#17 Vitambaa_Likoni

Nimeshabadilisha, Tapestry namba 24 na nyuzi 3. Misalaba imekaa sawa, na uzi hautoi manyoya. Ahsante dada.

Kuna kitambaa cha zamani niliacha sindano ndani, cheupe, kina doa la kutu la ukubwa wa punje ya mtama. Nikipeleke kwenye dawa ya kung'arisha?

#18 Nyuzi_za_Pwani

La, usifanye hivyo mama. Dawa yenye klorini inaikaza kutu na kulifanya doa lizidi kuwa jeusi au la manjano. Kama kitambaa ni pamba nyeupe, kamulia ndimu juu ya doa, nyunyiza chumvi laini, kianike juani saa moja au mbili na uongeze ndimu kikianza kukauka. Suuza kwa maji mengi, rudia ikibidi. Tindikali ya ndimu ndiyo inayoyeyusha kutu. Usiache ndimu ikauke kabisa na kukaa siku nzima, inadhoofisha nyuzi.

Kama nyuzi za kudarizi za rangi ziko karibu na doa, jaribu kwanza upande wa nyuma, kwenye mkia wa uzi wa rangi hiyo hiyo: bonyeza kitambaa cheupe chenye ndimu na uone kama rangi inahama. Ikihama, acha. Kwa hariri usijaribu ndimu na jua hata kidogo.